Tuzo ya Mpiga Besi

Mzee Sleyum alikuwa ameahidi, tena kwa kuapishwa, kwamba hatainuka. Mwanawe Bader alimkalisha kitini akamkumbusha mara ya tatu. "Baba, hapa si taarabu ya Unguja. Watu hukaa kimya mpaka mwisho."

"Nshasikia. Kwani mie mtoto?"

Jukwaani, kwenye okestra ya vijana wa Maskati, alisimama mjukuu wake Balqees, miaka kumi na sita, amekumbatia besi, lile fidla kubwa linalompita kimo. Alikuwa amenuna. Asubuhi, nyumbani Ansab, aliapa kwamba leo ndiyo mwisho. "Wenzangu wanapewa nyimbo, Babu. Mimi sauti nne tu, narudia, narudia. Nikiacha hapana atakayejua."

Machungu hayo Sleyum aliyajua. Kabla ya kuhamia Oman na kumaliza umri wake akigonga mihuri wizarani Al Khuwair, alipiga besi miaka minne Unguja. Ah, taarabu! Wimbo ukinoga watu huinuka, hucheza taratibu mpaka jukwaani wakamtuza mwimbaji noti. Walimpita Sleyum kushoto, walimpita kulia. Hakutuzwa hata siku moja. Alipokuja huku aliiacha besi, wala hapana aliyemuuliza kwa nini.

Kiongozi wa okestra akaeleza kwamba watapiga pasakalya, mtindo wa Ulaya wa enzi za Baroki, miaka mia tatu na ushei iliyopita. Sleyum akajiweka tayari kusinzia. Mambo ya Wazungu hayo, atayajulia wapi?

Besi ikaanza peke yake. Sauti nne, zikishuka pole pole. Zikarudi. Fidla moja ikapanda juu yake, ikaja ya pili, zikafukuzana, zikalia, zikaenda mbali mpaka mzee akadhani basi, hazirudi tena. Kumbe chini besi ile ile, sauti nne zile zile, inazingoja! Subhanallah! Watu waliokufa zamani hizo, wasioijua Unguja wala Maskati, nao walijua. Kazi yao yote waliijenga juu ya mtu asiyetazamwa. Mwili ukamsisimka, machozi yakamtoka.

Kufumba na kufumbua, yuko njiani, mikono juu, anacheza, noti ya riali vidoleni. Bader alimdaka kanzu, mzee akaponyoka. Ukumbi mzima ukageuka. Mpiga fidla wa mbele akatabasamu, akidhani anajiwa yeye. Sleyum akampita. Akaenda hadi pembeni kabisa, akaiweka noti juu ya karatasi za muziki za mjukuu wake.

Balqees alitamani ardhi ipasuke. Lakini mkono haukusita.

Garini, Bader alikuwa amevimba kwa hasira. Balqees akauliza kutoka nyuma, "Babu, wewe walikutuza mara ngapi?"

"Hata moja, mjukuu wangu."

Msichana akaikunja ile noti, akainama mbele, akaitia katika mfuko wa kanzu ya babu yake. "Basi hii yako. Yangu nitunzie, tunapiga tena mwezi ujao."