Mke Wangu Alipongoja Zamu ya Barua

Nilipoacha ukarani mjini, enzi hizo za Mwingereza, nilijidanganya kwamba nakwenda kupumzika. Nilikuwa nimechoka kumweleza bwana mkubwa kila siku kwa nini nimechelewa dakika tano. Nikasema, sasa nitaandika barua za watu nyumbani kwangu Temeke, nianze nikitaka, niache nikitaka. Nikaweka barazani meza, kalamu na chupa ya wino, nikatandika na mkeka wa wateja.

Kumbe ofisini angalau kulikuwa na saa ya kufunga. Hapa watu walinikuta napiga mswaki. Walinikuta nakula, wakasema, "Kula tu, bwana karani, tutangoja," kisha wakanitazama tonge kwa tonge. Walikuja makuli wa bandarini, akina mama wenye wana kwenye mashamba ya mkonge, wazee wenye malalamiko ya kupeleka kwa bwana shauri. Nami sikuwa na moyo wa kumrudisha mtu aliyetembea kwa miguu kutoka Mbagala.

Kilichonichosha hasa si mkono, ni yale maneno. Mama mmoja alitaka nimwandikie mwanawe kwamba baba yake amefariki. Aliposhindwa kusema, nikamtafutia maneno mimi. Alipoondoka akaja mwingine na msiba wake. Ikafika mahali nakaa mbele ya sahani, wali unapoa, na wala sijui nalia msiba wa nani. Mke wangu akinisemesha, naitikia "ndiyo" bila kusikia alichosema.

Asubuhi moja, nimeinamia karatasi, nikaita, "Anayefuata!" Mtu akasogea. Nikauliza bila kuinua macho, "Barua inakwenda kwa nani?"

"Kwa mama yangu, Lindi."

Ilikuwa sauti ya mke wangu. Alikuwa amevaa khanga zake za kutokea. Alikaa pale mkekani tangu jua linachomoza, nyuma ya watu wanne, nami sikumwona. Nikadhani ananitania.

"Andika, bwana karani," akasema. Mwenyewe hakujua kusoma wala kuandika. "Mwambie mama sisi wazima, watoto wazima. Mkwewe yupo, ila siku nyingi hajakaa nasi. Mwambie huyu mdogo ameanza kutembea, leo siku ya tano, na baba yake hajaona."

Kalamu ikasimama. "Ameanza kutembea?"

"Nilikwambia. Ukasema ndiyo."

Watu wawili waliokuwa nyuma yake wakatazama pembeni. Niliandika mpaka mwisho, kwa sababu alikuwa amengoja zamu yake kama wengine. Machozi yakanidondokea kwenye wino, ikabidi nichukue karatasi nyingine nianze upya. Kisha nikamsomea, akaitikia kwa kichwa kwamba ni sawa. Nikawaomba radhi wale wawili, warudi kesho. Mmoja, kuli mtu mzima, akanyanyuka akisema, "Nenda ndani, karani. Yangu si ya kufa mtu."

Mtoto alipiga hatua nne mbele yangu, akaketi kwa kishindo, akacheka. Mimi nikajilaza, nikalala mpaka alasiri, usingizi mzito kama wa mgonjwa.

Tangu siku ile mimi na mke wangu tukakubaliana: ikifika adhuhuri mkeka unakunjwa, na Ijumaa hautandikwi kabisa. Mkunjaji alikuwa yeye, maana mimi nisingeweza. Mara nyingine nilimtetea mteja wa mwisho, naye akaushika mkeka na kuanza kuuvuta mtu angali ameukalia. Baadhi ya wateja walinuna, wakahamia kwa karani wa Kinondoni.

Uchovu wenyewe haukuisha upesi. Masika yalipita, kiangazi kikaingia, na bado mtu akipiga hodi wakati wa chakula nilishtuka. Ila mchana mmoja tulikuwa uani, mimi na mke wangu, tunachambua mchicha. Nikagundua kwamba kwa muda mrefu sikuwa nimesikia kichwani sauti ya mteja yeyote na msiba wake; nilisikia tu kuku wa jirani wakiparura nyuma ya ua.