Namba za Mtaa wa Nyuma

Tangu aache shule, Brashi hakuwa na kazi nyingine ila kuchora maandishi: vibao vya saluni, bei za bucha, na "Usikojoe Hapa" kwenye kuta ambazo watu walizidi kuzikojolea. Sheria mpya ilipotoka, kwamba haandikishwi kupiga kura mtu ambaye mlango wake hauna namba, ofisi ya kata ilimwita yeye. Akapewa rangi nyeupe na orodha. Orodha iliishia 117, kwenye kona ya duka la misumari.

"Na mtaa wa nyuma je?" aliuliza. Huko ndiko alikoishi shangazi yake, aliyemlea.

"Kule mabanda tu, bwana," karani alijibu bila kuinua macho. "Hakuna nyumba."

Mabanda! Watu wamezaliana humo miaka arobaini, na ofisi nzima ilijua kwamba kila uchaguzi walimnyima kura diwani wake. Brashi alipandwa na hasira. Rangi ilikuwa imebaki nusu kopo, basi Jumapili, mchana kweupe, akaendeleza hesabu mlango kwa mlango mpaka 181. Ya shangazi, 131, aliitilia kivuli cha buluu.

Jumatatu mtaa mzima ukaenda kujiandikisha. Karani hakubishana hata kidogo. Aliandika jina na namba ya kila mmoja kwenye karatasi ya pembeni, kwa upole uliomtia Brashi baridi, akasema, "Nendeni, mtaitwa."

Alhamisi akaitwa Brashi peke yake. Mezani palikuwa na kopo la rangi nyekundu na ile karatasi, sasa imechapwa na kugongwa muhuri: amri ya kubomoa. Majina yote, namba zote.

"Kila mlango weka X," karani alisema. "Tingatinga linakuja kesho saa nne. Ahsante kwa kuturahisishia kazi."

Alikwenda moja kwa moja hadi 131. Yeye ndiye aliyewaanika. Alimkabidhi shangazi karatasi, akalia kama mtoto.

Shangazi alivaa miwani, akasoma mstari kwa mstari.

"Muhuri huu ni wa ofisi ileile?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na hapa wameandika nyumba namba 131, mkazi ni mimi?"

"Ndiyo."

"Si walisema hatuna nyumba?" Akamrushia kitambaa. "Futa makamasi. Daftari la wapiga kura linafungwa kesho. Kawaite majirani, tukatoe nakala, kila mtu aende na yake kujiandikisha."

Ijumaa foleni ilizunguka ofisi tangu alfajiri. Wengine waliacha vitanda ndani, na masufuria. Brashi alisimama na kopo lake jekundu ambalo hakulifungua. Ilipokaribia saa nne, shangazi alifika mezani, akaweka nakala mbele ya karani. Karani aliutazama muhuri wake mwenyewe, kalamu ikabaki hewani.

Nyuma ya maduka injini ikanguruma. Foleni nzima iligeuza shingo, lakini hakuna aliyetoka.

"Andika upesi, baba," shangazi alimwambia. "Nyumba ingalipo."