Nafasi Niliyomnyima Mave

Mwanangu, ipo siku moja inayonijia hata nisipoiita. Ilikuwa asubuhi ya kiangazi hapa Bunia, nami nimejibanza nyuma ya darasa, najifunga kifundo cha mguu wa kushoto kwa kipande cha kitenge. Mguu ulikuwa umevimba. Nilikaza kitambaa, nikavaa soksi mbili juu yake, nikameza vidonge vya maumivu, kisha nikaingia uwanjani nikitabasamu.

Wakati huo jina langu lilijulikana. Nilikuwa mrukaji wa juu. Nilianzia hapa hapa, naangukia magunia yaliyojazwa majani makavu, ufito wetu ukiwa mwanzi uliolazwa juu ya miti miwili. Kutoka hapo nilifika Kinshasa, nikawa wa kwanza nchini, nikapanda ndege kushindana na wasichana wa mataifa mengine. Niliruka juu kuliko kimo changu mwenyewe. Nikipita sokoni, akina mama waliniita kwa jina na kunionyesha kwa binti zao. Sifa ni tamu, mwanangu, na utamu wake ndio ulionipofusha.

Aliyetufundisha alikuwa Mwalimu Ngabu, mwalimu wa hesabu, mtu wa maneno machache. Pamoja nami alimfundisha Mave, msichana niliyemzidi miaka mitano. Aliniita yaya, yaani dada mkubwa, ingawa hatukuzaliwa nyumba moja. Alinibebea viatu. Alinipimia hatua za kukimbilia ufito, na kila nilipovuka alishangilia kabla sijatua. Lakini mwaka ule alianza kufika ninapofika mimi, na kila alipovuka, furaha yangu ilipungua kidogo. Sikumwambia mtu.

Ikaja barua ya mashindano makubwa ya Afrika. Nafasi ya mrukaji mwanamke ilikuwa moja tu. Ilikuwa yangu, mradi niwe mzima. Nikiugua, ataenda Mave. Asubuhi ile niliyojifunga kitenge, Mwalimu aliniangalia nikitembea.

“Mutoto, mguu iko na shida?” aliniuliza. “Sema kweli. Kama weye unaumwa, tutatuma Mave. Haiko aibu.”

“Niko muzima, Mwalimu.”

“Basi ruka, nione.”

Niliruka. Vidonge vilinibeba, nikavuka. Mave akashangilia kama kawaida yake.

Siku ya mashindano nilikimbia vizuri hadi hatua ya mwisho, ile ambayo mguu hukanyaga kwa nguvu ili mwili upande. Hapo nilisikia kitu kikikatika ndani kama kamba. Ufito sikuugusa hata kidogo. Nilianguka chini yake, nao ukabaki umetulia mahali pake. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wengine methali hii huwapita kwa mbali. Mimi ilinikuta mguuni.

Nilirudi kwa magongo. Mave alinipokea uwanja wa ndege, akachukua begi langu, akanililia. Siku ya tatu Mwalimu alikuja nyumbani. Daktari wa timu alikuwa amemweleza kwamba mguu ule ulikuwa mbovu wiki nyingi kabla ya safari. Nilingoja anigombeze. Hakupandisha sauti.

“Mguu ni yako,” alisema. “Umeharibu kitu yako. Lakini ile nafasi haikukuwa yako peke yako.”

Akamuaga mama yangu, akaenda. Jambo hilo hakulitaja tena mpaka alipofariki.

Nilijipoza moyo nikisema Mave bado mdogo, mwaka kesho ataenda yeye. Kabla mwaka haujageuka, vita viliingia mjini. Uwanja wetu ulijaa vibanda vya waliokimbia vijiji vyao. Mave na mama yake walishuka Tchomia, ufukweni mwa ziwa, wakavuka hadi Uganda. Huko alimaliza miaka ile ambayo mrukaji hukomaa, na alirudi akiwa mama wa watoto wanne.

Leo anauza samaki wakavu wanaotoka Kasenyi. Kwa miaka mingi nilinunua kwake, tukaulizana hali za watoto, nikarudi nyumbani bila kumwambia kwamba niliuficha mguu mbovu. Mwaka jana nilivuta kigoda karibu na meza yake, nikamwambia yote.

Alimaliza kupanga samaki wake kwanza. Kisha akasema, “Yaya, nilijua.”

“Ulijua?”

“Nilipimaka hatua zako kila siku. Siku ile zilikuwa mifupi.”

“Juu ya nini haukusema?”

“Nilingojea weye useme.”

Mteja akaja, Mave akamhudumia. Aliniambia amenisamehe zamani, na Mave si mtu wa kusema asichokimaanisha. Ila nilipoinuka niondoke, aliniuliza polepole, “Yaya, yale magodoro ya kuangukia kule mashindanoni, ni laini kweli?”

Nilimjibu kwamba ni laini.

Mwanangu, mficha maradhi kilio humfichua; nami naongeza kwamba mara nyingine anayelia kilio hicho ni mtu mwingine kabisa. Ukipewa mahali pa mbele, jua kuna anayengoja nyuma yako kwa heshima, na heshima yake isiwe sababu ya kumdhulumu. Siku nguvu zikikuishia, sema mwenyewe, na sema mapema. Kumpisha mwenzako hakukushushi. Na kama tayari umemkosea mtu, usingoje nywele ziwe nyeupe kama zangu. Mimi msamaha niliupata, lakini haukumrudishia Mave hata siku moja.

Mungu akupe mwili wenye afya na ulimi usioogopa kweli. Akupe wenzako wanaokupenda, na akujalie usiwalipe kama nilivyomlipa wangu. Nenda na amani, mwanangu.