Bi Kura na Vijiji vya Barabarani

Bi Kura hakuchagua kitu kama kingeweza kupigiwa kura. Vipande vya nyama vikibaki viwili na watu mezani ni watatu, alitia vizibo vya soda katika kikombe cha plastiki, akakitikisa, akageuza uso ukutani na kuchomoa. Mumewe alilalamika kwamba kuosha masufuria kunamwangukia yeye kila siku. "Kalalamike kwa kikombe," alimjibu, "mimi sikuona kitu."

Jina hilo tulimpa sisi wanafunzi wake. Kituo kimoja cha utafiti kilimwajiri afundishe watafiti wa nyumbani kupima kama miradi ya kuwasaidia maskini inasaidia kweli, maana kabla yake kazi hiyo ilifanywa na wageni waliokuja na kuondoka. Alitufundisha kwa maneno mepesi: chukua vijiji, vipigie kura, vingine vipewe msaada sasa, vingine vingoje, kisha uvilinganishe. Ukichagua kwa macho, alisema, utachagua wenye afadhali, halafu utausifu mradi kwa kazi ambayo haukuifanya.

Kura ya mradi wa kuwagawia maskini kuku aliipiga mwenyewe, uwanjani, mbele ya wanavijiji. Kijiji cha ng'ambo ya mto kilipata, na kina mama wake wakambeba juujuu yeye na kikombe chake.

Mwaka uliofuata alitupeleka tukajifunze kuhoji. Tulianza na kijiji cha kando ya lami, ambacho kura ilikiambia kingoje. Tukakuta mabanda mapya na kuku wakichakura kila ua. Mama mmoja alimshika mikono akimshukuru. Bi Kura alimwambia dereva atupeleke ng'ambo ya mto. Gari lilishindwa njiani, tukamalizia kwa miguu. Huko hakukuwa na hata unyoya. Mmoja wa wale waliombeba alimtazama kutoka mlangoni, akasema, "Umekuja kutikisa tena?" Akaingia ndani.

Mkurugenzi wa kituo hakukana Bi Kura alipomwuliza. Nilikuwepo ofisini kwake. Alikuwa anakula chungwa, maji yakimchuruzika kidevuni, na alieleza huku akitemea mbegu kiganjani. Wafadhili walitaka kuona kuku. Magari yao yasingefika kule. Kwa hiyo alibadilisha vijiji, vichache tu.

"Dada yangu, kuku ni kuku," alisema. "Na maskini ni maskini. Nani ameibiwa?"

Vijiji vya barabarani vina soko mlangoni. Vingevishinda vya ng'ambo hata bila kuku. Bi Kura alilijua hilo na mkurugenzi alilijua pia, lakini aliendelea kutafuna. Alimwambia Bi Kura kwamba siku ya kufunga mafunzo, mbele ya wafadhili, auwasilishe utafiti ule kama mfano wa kufuatwa. Asipofanya hivyo, mkataba wake umekwisha. Nyumbani, mumewe alikuwa ameshaachishwa kazi.

Siku ilipofika, ukumbi ulinuka manukato na keki. Bi Kura alipanda jukwaani na kikombe, akakitikisa, kisha badala ya kugeuza uso akachungulia ndani, akapekua taratibu, akachukua kizibo alichokitaka. "Hivi ndivyo tulivyofanya," alisema, akaeleza habari za mto, lami na kuku.

Nilidhani patachimbika. Wafadhili waliangalia sahani zao, na mmoja akauliza kama kuna chai zaidi. Wangekasirika, ningewaheshimu kidogo. Ripoti ilitoka vilevile, bila jina la Bi Kura, ikasifiwa, na mkurugenzi akapandishwa cheo.

Bi Kura alikwenda kufundisha hisabati katika shule ya jirani, mpaka figo zilipomlaza. Nilipokwenda kumwona, wajukuu walikuwa wakigombea nafasi ya kuketi kitandani kwake, na kikombe kilikuwa tayari mkononi mwake, beseni la kutapikia likiwa chini ya kitanda. Nilimweleza kwamba ripoti ile sasa inafundishwa vyuoni kama mfano mzuri, na kwamba mradi unapelekwa wilaya nyingine. Alinisikiliza akiwa ameelekeza uso ukutani, kama anachomoa. Sikumwona tena baada ya siku hiyo.

"Wale wa ng'ambo," aliuliza, "wameshapata kuku?"

Nikasema bado.

"Basi hiyo si habari, mwanangu. Nisogezee beseni."