Mama Furaha Alivyomsuka Farasi

Nakumbuka Jumamosi ile kama ya juzi, mwanangu, siku Mama Furaha alipomsuka farasi. Usicheke, ngoja nikueleze.

Nilikuwa binti tu wa Tanga, nimekuja hapa Johannesburg kutafuta maisha, nikapata kazi ya kufagia mabanda ya farasi nje ya mji. Nikifagia, najifunza. Mwenye mabanda, mzee mmoja mkavu wa maneno, akaniruhusu kumpanda farasi wake jike, Asali, kwenye mashindano ya kuendesha farasi kwa mtindo wa kauboi. Huko hawashindani mbio. Farasi anatakiwa aende taratibu, kichwa chini, hatamu zimelegea, kana kwamba anatumwa dukani. Asali alishawahi kutikisa kichwa mbele ya waamuzi, na mzee akaniambia wazi: akirudia, atapandwa na mwingine. Eish, usingizi ulinipaa.

Kwa desturi yao, nywele za shingo ya farasi hugawanywa mafungu madogo madogo, yakafungwa kwa vimpira ili zilale vizuri. Nikamwendea Mama Furaha, Mkongomani wa Bukavu, msusi mwenye kiti chake katikati ya mji. Wanawake walikuwa wakimpangia foleni, maana msuko wake haulegei upesi. Asubuhi ile akaja na mkoba wake, akamfunga Asali nywele kama anavyowafunga wateja wake, akakaza kila fungu. Asali akapendeza, wallahi! Watu wakapiga makofi, wakapiga na picha.

Tukimpasha misuli moto karibu na geti la uwanja, Asali akaanza. Kila akishusha shingo, anarusha kichwa. Nikambembeleza, wapi! Mama Furaha alikuwa ametulia anatazama, mara akaja mbio na mkasi mkononi.

"Ni miye namufinya. Akiinamisha shingo, ngozi inavutika. Simama, nitakata."

"Mama, usikate! Kazi yote ile? Na wanatuita sasa hivi!"

Akanikazia macho. "Mutoto, unataka wasifu vimpira ao wamuone farasi?"

Nikazishika hatamu. Akakata vyote, yeye mwenyewe, mbele ya wale wale waliompigia makofi, wala uso wake haukunyong'onyea. Kwa dakika ile moja nampenda mwanamke yule mpaka leo.

Tukaingia nywele zikiwa timtim. Asali akashusha pumzi ndefu, akainamisha kichwa, akaenda kama yuko peke yake malishoni. Nami machozi yananitoka chini ya ile kofia pana. Hatukuwa wa kwanza. Lakini tulipotoka, mzee alimpapasa Asali shingoni akasema, "Huyu utaendelea kumpanda wewe." Mama Furaha akapiga vigelegele mpaka farasi wa watu wakashtuka.

Kwa hiyo, mwanangu, shika hili. Uwe unapanda farasi, unasuka au unalea, kazi yako ikisifiwa, mtazame kwanza yule anayeibeba. Ukiona anaumia, chukua mkasi mwenyewe, usingoje kuambiwa. Nenda ukasukwe kwa Mama Furaha, yupo bado, amezeeka lakini vidole ni vile vile. Kabla hajakaza fundo la kwanza, atakuuliza: "Inakufinya?" Mungu akujaalie moyo wa kuuliza hivyo maisha yako yote, na mkono usioona haya kufumua.