Nilimwambia Shangazi Kuwa Mwanawe Amejibu

Admin, naomba ufiche jina langu na la kijiji chetu, maana huku watu wanajuana hata kwa kikohozi. Mimi ni binti wa miaka kumi na saba, niko kidato cha nne, nyumbani ni wilaya ya Ikungi, mkoa wa Singida. Nina aibu sana. Hata darasani nikijua jibu, nasubiri mwingine akosee kwanza. Ndiyo maana naandika, kusema siwezi.

Sisi ni Wakristo, ila shangazi yangu, dada yake baba, aliolewa na Mwislamu, akabaki mjane na mtoto mmoja tu. Nimwite Rama, si jina lake. Miaka miwili iliyopita alikuja mgeni mmoja mwenye maneno matamu, akawaahidi vijana kazi ya migodini huko kusini, ng'ambo ya mpaka. Rama akaenda. Mwanzoni alikuwa anapiga simu, halafu kimya. Baadaye tukasikia wale vijana wamepelekwa porini, wamepewa bunduki, wanachoma vijiji vya watu. Shangazi alisema, "Mwanangu huyu huyu anayekimbia nyuki?"

Mwaka uliofuata kaka yangu, ambaye ni mwanajeshi, akapelekwa nchi hiyo hiyo, pamoja na majeshi mengine ya kigeni, kupigana na magaidi hao. Nyumbani tukawa na vijana wawili kwenye pori moja, na hakuna aliyethubutu kulisema hilo mezani.

Shangazi macho yake yamefifia na simu kubwa iko kwetu. Kila Jumamosi anakuja, anakaa kwenye kigoda, ananituma nimwandikie Rama. Ujumbe hauendi, tiki moja tu. Ila yeye haachi utani. "Mwambie jogoo aliyemwacha kifaranga sasa ana wake tisa, yeye hata mchumba hana. Aone aibu arudi!" Tunacheka, naandika, natuma.

Jumamosi moja mwezi wa pili alikuja amekonda, khanga imemwenea mara mbili. Hakuwa na utani. Aliniuliza tu, "Bado?" Sijui nini kiliniingia, mimi nisiyejua kusema. Nikamwambia, "Amejibu, shangazi. Anakusalimia. Anasema atakuja alizeti ikishavunwa."

Alipiga kigelegele mpaka mbuzi wakashtuka. Kuanzia siku hiyo akaanza kula. Wazee wa ukoo wa mumewe walipotaka kumsomea Rama dua ya marehemu, aliwatoa nje. "Mnamzika mtu anayenijibu meseji?" Nikajiambia si vibaya, Rama atarudi kweli na uongo wangu utakuwa kweli.

Kaka alirudi likizo wakati wa kupura alizeti. Tulikuwa uani tunapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo, na kila fimbo ikitua alikuwa anafumba macho. Mwishowe akaiweka chini, akaanza kuniambia kitu kwa Kiingereza. Mimi na yeye tulisomeshwa shule ya Kiingereza, na mama alikuwa anapepeta hatua chache tu kutoka pale. Nadhani hata bila mama asingeweza kukisema kwa Kinyaturu, lugha yetu ya nyumbani.

Alisema baada ya mapigano asubuhi moja, mmoja wa wale magaidi alikuwa amelala kwenye majani marefu, amejeruhiwa. Wanajeshi waliamriwa mtu asimsogelee, kwa sababu majeruhi wengine hutegwa mabomu. Yule mtu akawa anamwita mama yake.

"Kwa Kinyaturu," kaka akasema. "Wenzangu waliniuliza, huyo anasemaje? Nikawaambia sijui."

Aliita mpaka jua likapanda, akanyamaza. Walipofika, kaka aliliona lile kovu la plau mguuni, ambalo Rama alilipata siku wakilima pamoja shambani kwetu.

Nikamuuliza ilikuwa lini. Akasema mwezi wa kwanza. Mimi nilimjibisha Rama mwezi wa pili. Nilimjibisha maiti.

Kesho yake shangazi akaja kumsalimia kaka. "Shikamoo shangazi." "Marahaba, jeshi langu. Huko hukupishana na mwenzako?" Kaka akaangalia viatu vyake. "Nchi ni kubwa, shangazi." Shangazi akamshika mkono akasema, "Heri. Kila swala nilikuwa nawataja wote wawili. Nikimaliza najiuliza, hivi nimemwomba Mungu nini?"

Kaka alitoka, akaenda kusimama nyuma ya zizi. Mpaka leo hagusi nyama yoyote. Ameniambia nikisema, yeye naye itabidi aeleze kwa nini alikaa kimya siku ile, na hajui ataanzaje kumwambia mwanamke aliyembeba yeye mgongoni utotoni. Keshokutwa anarudi kambini.

Alizeti imeshavunwa. Shangazi amekipaka chokaa chumba cha Rama. Jogoo amemfunga kamba mguuni asizurure. Akisikia pikipiki anatoka mlangoni, anakaza yale macho yasiyoona vizuri. Nikisema, namuua Rama mara ya pili, na kaka naye nampoteza. Nisiposema, atasubiri mpaka lini? Na Rama hata dua hajasomewa, kwa sababu yangu.

Jana shangazi kanitumia salamu. Jumamosi hii hataki niandike. Ameambiwa siku hizi mtu anaweza kutuma sauti. Anataka amwite mwenyewe, kwa Kinyaturu, jinsi alivyokuwa akimwita akiwa mdogo. Anasema, "Akinisikia mimi mama yake, hatakaa huko."

Ndugu zangu mnaosoma, nishaurini. Atakaposogeza mdomo kwenye simu, nimshikie arekodi, au nimwambie?