Mbuzi wa mahari tuliowachunga ndani ya ukungu, Kipese

Wakuu, jambo kwenu wote.

Haya niliyaona kwa macho yangu, siongezi chumvi. Mwenye haraka apite tu.

Ilikuwa wakati wa vita. Nilikuwa nimetoka kumaliza masomo ya mifugo Butembo, kazi hakuna, barabara ya Beni haipitiki. Parokia ikatafuta vijana wa kujitolea kutibu wanyama vijijini. Nikapewa Kipese, milimani kule Lubero, na mfuko wa dawa ambao haukujaa hata nusu.

Jamani, Kipese ni pazuri. Asubuhi ukungu unashuka unafunika mashamba ya viazi, unasikia watu wanasalimiana na huwaoni. Nilikuwa naamka mapema kwa ajili hiyo tu. Nasimama nje na chai yangu, nasahau kabisa kama kuna vita.

Wa kwanza kuniita alikuwa Mama Masika, mjane. Mwanaye Paluku alikuwa amechumbia binti wa kijiji cha Kalunguta, Kavira.

Kwetu Wanande mahari ni mbuzi, na wanakaguliwa kabla ya kupokelewa. Sasa mbuzi wa Mama Masika walikuwa wanakohoa wote. Baba ya Kavira alishawakataa mara moja, akasema wakirudi na kikohozi, binti ataolewa kwingine. Majirani nao walitaka wachinjwe, wakihofia ugonjwa wa mapafu unaoambukiza.

Hata mimi niliwaza ugonjwa huo. Lakini homa hawana, na wanakula vizuri. Nikafuta pua ya mmoja kwa kitambaa cheupe, kikatoka cheusi tii.

Nikamuuliza mama wanalala wapi. Akasema zizini. Nikaenda kuangalia: nyasi zimeota ndani ya zizi, kinyesi kibichi hakuna. Nikarudi, nikakaa naye jikoni bila kuuliza tena, macho yananiwasha kwa moshi. Akaniangalia, akacheka kidogo, akasema polepole:

"Dokta, banalalaka humu, na muchana banashindaka humu. Tukibatosha inje, basoda batabakula."

Kumbe ni moshi! Dawa yao ilikuwa hewa, na hewa iko nje, na nje kuna wenye bunduki. Nilisikitika sana, maana hiyo dawa haikuwemo mfukoni mwangu.

Jibu nililipata asubuhi iliyofuata, nikiangalia ule ukungu.

Nikamshauri awatoe ukishuka, awarudishe ukianza kupanda. Na moto auhamishie nje, nyuma ya nyumba. Donc, yaani, mbuzi wakabaki na jiko, mwenye jiko akahamia uani. Alinitania kwa hilo mpaka nikaondoka.

Wakuu, zile asubuhi sitazisahau. Tulichunga kwa masikio. Paluku mbele, mimi nyuma, hatuongei. Mbuzi anatokea karibu yako, anapotea tena, unasikia tu meno yakikata nyasi. Nilikuwa na furaha ambayo hata leo siielewi vizuri.

Siku moja askari walipita njia ya chini yetu. Tulisikia buti zao, na mmoja anaimba Kilingala. Mbuzi mmoja tu angekohoa, mahari yote ingeondoka nao. Tulisimama.

Hakuna aliyekohoa. Buti zikaenda zao. Hapo ndipo nilijua wamepona.

Baba ya Kavira akaja, akaweka sikio mbavuni mwa kila mbuzi, taratibu, kisha akawapokea. Harusi ikafungwa kanisani.

Sasa sikilizeni. Kabla mvua hazijaisha, wenye silaha walifika Kalunguta wakachukua mbuzi wote wale. Nilikutana na baba ya Kavira sokoni Butembo, nikampa pole, nusura nilie mimi. Yeye alikuwa anachagua maharagwe. Akaniambia:

"Balibakula, ndiyo. Lakini Kavira ni bibi ya mutu, na eko na mimba. Mbuzi balishamaliza kazi yabo."

Tangu siku ile jikoni kwa Mama Masika, kabla sijauliza mnyama anaumwa nini, namuuliza kwanza mwenye mnyama anaogopa nini.

Mliokuwa milimani miaka ile, nyinyi wanyama wenu mliwaficha wapi? Andikeni hapa chini, nipo nasoma.